Mapigo Sitini na Moja

"Namba thelathini na moja," Nsia alisema, akasogeza rula chini ya mstari. "Tarehe kumi na nne, mwezi wa nne mwaka jana. Saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Mapigo mia na kumi na tisa kwa dakika."

Mzee Eliufoo alifumba macho. Alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao, vifungo viwili vya juu vya shati viko wazi. Chini ya mfupa wa bega la kushoto ngozi yake ilikuwa imevimba kidogo, kana kwamba mtu alisahau harage ndani yake.

"Nilikuwa nyumbani?"

"Inaonyesha ulikuwa umekaa. Halafu ukasimama ghafla."

"Basi ni mpira." Mzee alifumbua macho. "Taifa ilisawazisha dakika za mwisho. Nilisimama nikamwaga chai yote kwenye kitambaa cha meza. Mama Anaeli alinisema mpaka Jumatatu."

"Shika au acha?"

"Acha. Mtu akifungiwa hata mpira, anabaki na nini?"

Nsia aliandika "acha" pembeni ya mstari.

Walikuwa kwenye kazi hiyo tangu saa tatu asubuhi, katika chumba ambacho zamani chama cha ushirika kilipimia kahawa na sasa ni zahanati ya moyo ya kijiji. Ule uvimbe ulikuwa kifaa ambacho watu wa mlimani walikiita mlinzi. Ndani yake kulikuwa na akiba ya dawa ya moyo ya jamii ya zamani, zile zinazouziba moyo masikio ili usiisikie adrenalini inapouita ukimbie. Vidonge vya enzi zile vilimezwa asubuhi na jioni, vikafanya kazi mtu akiwa na hofu au akiwa amelala usingizi. Mlinzi alikuwa mwangalifu zaidi. Alisubiri. Moyo ukianza kukimbia, alitoa dawa papo hapo. Na kwa kuwa alijifunza, baada ya muda alijua ni mambo gani humkimbiza moyo mtu wake, akawa anatoa dawa kabla moyo haujafika mbali.

Alijifunza kwa miaka miwili. Kisha alifunga mazoea yake, na yaliyofungwa hayakufunguliwa tena. Mlinzi wa Mzee Eliufoo angefunga Jumamosi. Kabla ya hapo mgonjwa alikuwa na haki ya kupitia orodha ya mara zote ambazo moyo wake ulivuka mia moja, na kusema ipi mlinzi aendelee kuishika na ipi aiache ipite. Wengi hawakujisumbua. Walitia sahihi mahali palipoandikwa "shika zote" wakaenda zao. Mzee Eliufoo naye alikuja kutia sahihi tu, kofia mkononi. Nsia ndiye aliyemwambia akae, wapitie zote sitini na moja.

Nsia hakusomea udaktari. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa fundi wa mashine za kumenya kahawa, kisha akajifunza habari za moyo kwa vitabu vya kuazima na kwa maswali ambayo wauguzi waliyachoka. Kwenye mashine aliokota tabia moja ambayo haikumwacha: hakuamini jumla yoyote asiyoihesabu mwenyewe, mstari kwa mstari.

Namba thelathini na mbili ilikuwa teke la ng'ombe. Shika. Thelathini na tatu ilikuwa simu ya kijana wake Anaeli aliyepiga saa kumi na moja alfajiri, kumbe alibonyeza kwa bahati mbaya. Shika.

"Thelathini na nne. Mwezi wa tano, saa moja asubuhi. Mia na mbili. Ulikuwa kwenye lango la maji."

"Melkizedeki," mzee alisema bila kusita. "Alikuwa anasafisha mfereji upande wake."

Nsia hakuandika. Alirudisha kurasa za kaunta buku. Namba tatu: Melkizedeki, 133. Namba kumi na nne: Melkizedeki, 121. Namba ishirini na mbili: 110. Na sasa 102. Baada ya hapo jina hilo halikuonekana tena katika mistari yote ishirini na saba iliyobaki. Ilikuwa ngazi inayoshuka. Nsia aliiona mara ya kwanza mwezi wa kwanza, alipokuwa akipitia takwimu za kijiji. Aliitazama kwa siku mbili, kisha akageuza ukurasa.

Habari za wazee hawa wawili kila mtu alizijua. Walikuwa majirani, ua mmoja kati yao. Mwaka wa tatu tangu barafu iishe juu ya mlima, ukame ulikuja, na ufunguo wa mfongo, ule mfereji wa ukoo unaoteremsha maji kutoka msituni, ulikuwa mikononi mwa Melkizedeki. Zamu ya Eliufoo ilipofika, lango halikufunguliwa. Wiki sita maji yalikwenda kwenye nyanya za Melkizedeki. Mibuni mia mbili iliyopandwa na mama yake Eliufoo ilikauka imesimama, ikabaki arobaini tu kwenye kona ya juu. Tangu hapo wanaume wale hawakusalimiana kwa miaka ishirini na saba. Walikutana kanisani, misibani, kwenye vikao vya maji, na kila mmoja alimtazama mwenzake kama mtu anavyotazama nguzo ya umeme.

Mpaka mwezi wa kumi na mbili uliopita. Asubuhi moja Mzee Eliufoo alikuwa anapita njiani, akamkuta Melkizedeki amebeba majani ya ng'ombe, akamwambia, "Umeamkaje, Melki?" Alimsalimu kama anavyomsalimu yeyote, akaendelea na safari. Melkizedeki alibaki amesimama hadi mzigo ukamdondoka. Kesho yake akaja na jani la sale, lile jani refu la mmea wa mipakani. Kwa desturi ya mlima, anayeletewa sale hakatai kusamehe. Mzee Eliufoo alilipokea, akalitia ndani ya kikombe mezani, akauliza kama chai iko tayari.

"Shika au acha?" Nsia aliuliza.

"Shika. Yalikwisha hayo."

"Thelathini na sita," alisema baada ya ile ya thelathini na tano, ambayo ilikuwa mbwa. "Mwezi wa sita. Mia na moja."

"Ubatizo wa mjukuu. Nilikuwa nasimulia ile habari ya mwaka wa ukame. Watoto huwa wanaipenda."

"Nisimulie na mimi."

"Unaijua."

"Naijua kwa watu. Sijaisikia kwako."

Mzee alijikuna kidevu. "Nilikuwa kibarua mjini, narudi Jumamosi kwa Jumamosi. Lango lilifungwa. Mibuni ikakauka. Mama Anaeli akabeba maji, ikapona arobaini." Alitafuta kama kuna la kuongeza. "Ndiyo hivyo."

Kwenye kioo kidogo kilichokuwa mezani mapigo yake yalisoma sabini.

"Umemaliza?" sauti iliuliza mlangoni. "Au bado kuna neno umebakiza?"

Alikuwa Mama Anaeli mwenyewe, Bibi Apaikunda, hotpoti mkononi na kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu aliyekuja kufanya kazi. Nsia alisimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Nimeleta kiburu cha ndizi na maharage. Huyu asipokula saa sita anakuwa kama mtoto." Aliweka hotpoti mezani, akalitazama daftari, akapitisha kidole chake mstari kwa mstari. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Kidole kilisimama kwenye namba thelathini na moja.

"Mpira umeachwa?"

"Ni wa Taifa," mzee alisema.

"Mpira umeachwa. Na mimi niliyebeba ndoo, nimeshikwa au nimeachwa?"

"Wewe hatujakufikia. Ndiyo tulikuwa tunakuongelea."

"Nimesikia mlivyoniongelea. Krismasi ya mwaka juzi ulipoisimulia ulilia mbele ya wakwe zako. Krismasi iliyopita watoto wamekuja wote, wamekaa, wamekuomba. Ukasema 'mama yenu alibeba maji,' ukaomba uongezwe nyama."

"Nyama ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa nzuri. Niliipika mimi."

Mzee alicheka, akafunua hotpoti. Alikula kwa furaha ya mtu ambaye dunia haimdai kitu. Huo ndio ulikuwa ugumu wenyewe, Nsia aliwaza. Miaka miwili iliyopita watu walimbeba mzee huyu kutoka kwenye migomba akiwa na midomo ya bluu. Sasa alikuwa amenenepa, alilala vizuri, alicheza na wajukuu, na hakuwa na adui hata mmoja.

*

Vyombo vilioshwa kwenye bomba nyuma ya zahanati. Mama Anaeli hakuhitaji msaada wa kuosha sahani mbili, lakini alimwita Nsia.

"Mwanangu, mpunguzie hiyo dawa," alisema, mkono ukisugua. "Kidogo tu. Asijue."

Nsia aliiweka chini sahani aliyopewa.

"Unafikiri nina roho mbaya. Sitaki afe. Namtaka mume wangu. Tulikuwa tunamkasirikia Melkizedeki sisi wawili. Sasa namkasirikia peke yangu, na hasira ya mtu mmoja inachosha. Analeta maziwa kila Jumapili. Sinywi. Nampa paka. Umemwona paka wetu? Hapandi tena hata mti wa parachichi."

"Siwezi kumpunguzia kwa siri, mama."

"Kwa nini? Wewe ndiye mwenye funguo."

"Kwa sababu hiyo hiyo." Nsia alifunga bomba ili asikike bila kupaza sauti. "Na mimi nina langu. Nimeona tangu mwezi wa kwanza kinachompata, sikumwambia. Mwongozo unasema mgonjwa mwenye nafuu asitiwe wasiwasi. Nikajiambia, anafurahi, mwache. Nikimpunguzia leo bila kumwambia, itakuwa mara ya pili namwamulia mambo ya ndani ya kifua chake."

Mama Anaeli alikung'uta maji mikononi. "Basi kamwambie. Ila mimi nitakuwepo."

*

Nsia alimwambia taratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza wakulima kwa nini mashine imekwama.

"Mzee, kahawa yako ikishakauka, ukiifungia gunia, inakaa. Ni kweli?"

"Inakaa hata mwaka."

"Ikilowa?"

"Lazima uianike upya."

"Na ukiianika karibu na mafuta ya taa?"

"Itanuka mafuta ya taa. Utaiuza kwa nani?"

"Kumbukumbu nazo ziko hivyo. Zinakaa zimekauka. Siku ukiitoa moja, ukaikumbuka kwelikweli, inalowa. Kwa saa chache ubongo unaianika upya kabla ya kuirudisha mahali pake, na inashika harufu ya hali uliyokuwa nayo saa zile. Dawa yako haiishii moyoni. Inapanda mpaka kwenye ubongo, inazima ile kemikali inayoiambia kumbukumbu kwamba jambo hili ni zito, lishike. Ungekuwa unameza vidonge, ingekuwa bahati tu. Lakini mlinzi anasubiri moyo ukimbie. Maana yake anatoa dawa saa ile ile kumbukumbu imelowa. Kila mara. Na inarudi ndani haina harufu."

Mzee alitazama daftari. Nsia akamwonyesha ngazi mbili. Ya Melkizedeki: 133, 121, 110, 102. Na ya masimulizi ya ndoo: harusi ya Anaeli 128, Krismasi 112, ubatizo 101, na baada ya hapo hakuna.

"Sijasahau kitu," mzee alisema. "Nakumbuka yote."

"Yote yapo. Uzito ndio haupo. Mlinzi hajui hasira na shukrani ni vitu viwili. Kwake yote ni moyo unaokimbia."

Nje mashine ndogo ya umeme ya mfongo ilinguruma chini ya daraja.

"Kwa hiyo sikumsamehe Melki."

"Sijui, mzee. Mkono wako ulipokea jani, na mkono ni wako. Lakini moyo haukuulizwa."

"Na wewe ulijua tangu mwezi wa kwanza."

"Nilijua."

"Ungeniambia wakati ule ningekukasirikia."

"Ungekuwa na haki."

"Sasa hata kukukasirikia siwezi vizuri. Hebu ona." Alinyoosha kidole kwenye kioo. Sabini na moja. Mama Anaeli alicheka bila kutaka, akaziba mdomo kwa kitenge.

Nsia hakucheka. "Ninaweza kumlaza mlinzi kwa dakika ishirini. Dawa iliyomo mwilini itakuwa imepungua kiasi, na uikumbuke ile habari akiwa amelala, tuone inaanikwaje. Siahidi kitu. Na kuna hatari. Unaijua kuliko mimi. Ikifika mia na thelathini ninamwamsha, hata ukinikatalia."

"Basi aache," Mama Anaeli alisema haraka. "Hapana. Akae hivyo hivyo."

Mume wake alimgeukia. "Si wewe uliyetaka nikasirike?"

"Nilitaka ukasirike. Sikutaka nikuokote tena kwenye migomba."

"Hapa hakuna migomba." Alifungua kifungo cha tatu cha shati. "Fundi, mlaze."

*

Wasubiri dakika kumi, Nsia alisema, na wakasubiri, wakizungumza habari ya bei ya majani ya ng'ombe. Kisha Mama Anaeli akaanza kusimulia yeye mwenyewe, mikono magotini. Alisimulia jinsi majani ya mibuni yalivyojikunja. Jinsi lango lilivyong'aa kwa kufuli jipya. Jinsi alivyobeba ndoo kumi na mbili kila alfajiri, wiki sita, mpaka ngozi ya bega ikatoka na shati likawa linagandia hapo. Jinsi yeye Eliufoo alivyorudi Jumamosi moja akaona bega lile, akakaa chini kwenye vumbi na nguo zake za mjini.

Sabini na mbili. Sabini na nne. Sabini na tatu.

"Nakusikia," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kuwa na huzuni ndogo. "Naona kila kitu. Ni kama kusikia tangazo la msiba redioni, halafu unakuta ni la kijiji kingine. Samahani, Apaikunda."

Hakuwa amemwita jina hilo mbele ya mtu kwa miaka mingi. Mama Anaeli alitazama mikono yake. Dakika sita zilikuwa zimebaki.

"Mara zote ulizosimulia," alisema, "ulisema nilitoa wapi maji?"

"Mtoni. Kule chini."

"Kule chini ni nusu saa kwenda, na kurudi ni kupanda. Ndoo kumi na mbili kila alfajiri. Piga hesabu."

Mzee alipiga hesabu. Nsia naye alipiga, akaona kwamba kijiji kizima hakijawahi kuipiga.

"Haiwezekani," mzee alisema.

"Haiwezekani. Nilitoa kwenye tangi la Melkizedeki."

Sabini na tisa.

"Ndeshi alinifungulia. Mkewe. Tulipitia kwenye tundu la ua, pale kuku wao walipokuwa wanapita. Yeye anashika kifuniko kisilie, mimi nachota. Kila alfajiri, mumewe amelala. Aliniapisha nisimwambie mtu, wewe wala mwingine, maana Melki angejua angemrudisha kwao."

Themanini na nane. Tisini na saba.

"Ndeshi?" mzee alisema.

"Ndeshi."

"Maji ya Melki?"

"Ya tangi lake. Ile mibuni arobaini ilikunywa maji yake mwanzo mpaka mwisho."

Mia na tisa. Mzee Eliufoo alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kicheko, cha chini kwanza, kisha kikampanda mabegani mpaka akashika ukingo wa benchi. Machozi yalimtoka. "Miaka ishirini na saba," alisema akijifuta. "Miaka ishirini na saba namnunia mtu ambaye mibuni yangu imelelewa naye." Na papo hapo uso ukabadilika. "Na wewe! Na wewe ulikuwa umekaa hapo unaniangalia ninavyonuna!"

Mia na kumi na sita.

"Niliapa."

"Ndeshi amekufa huu mwaka wa tano!"

"Ulikuwa umeshazoea kununa. Na ulikuwa unanuna vizuri."

"Usinichekeshe, nimekasirika."

"Naona," mkewe alisema. "Ulipokuwa umemkasirikia, nilikuwa na mahali pa kukaa. Siri yangu ilikuwa na mlango. Sasa mtu yule anakuja kila Jumapili, anakaa barazani kwangu, ananiita shemeji, ananiambia jinsi marehemu angefurahi tunavyopatana. Namtazama, nakiona kile kifuniko mikononi mwa mkewe. Nitamwambiaje peke yangu? Nilikuwa nataka hasira zako zirudi ili asije tena. Hivyo tu. Huo ndio uovu wangu."

Mia na ishirini na moja. Kidole cha Nsia kilikuwa juu ya kitufe.

"Usimwamshe," mzee alisema bila kumtazama. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima na mzigo, lakini midomo yake ilikuwa na rangi yake. Alinyoosha mkono akamshika mkewe bega la kulia, mahali pale pale, juu ya kitenge. "Kifuniko kilikuwa kizito?"

"Cha chuma. Ndeshi alikishika kwa tumbo, alikuwa na mimba ya yule wa mwisho."

Mia na kumi na tisa. Mia na kumi na mbili. Mia na nne. Ilikuwa inashuka yenyewe. Nsia alihesabu kila namba hadi dakika ya ishirini, mlinzi alipoamka mwenyewe, akaondoa kidole polepole, akagundua kwamba shati lake mwenyewe limelowa mgongoni.

*

"Namba thelathini na nne," alisema walipotulia. "Melkizedeki. Asubuhi ulisema shika. Nakuuliza tena."

Mzee alifikiri, na safari hii alifikiri kwelikweli. "Ile hasira imerudi?"

"Sidhani. Iliyoanikwa vibaya hairudi kama ilivyochumwa. Kilichokukimbiza leo ni kipya. Mlinzi hajawahi kukutana nacho, kwa hiyo hakijui."

"Basi ile ya zamani shika. Sasa nimeulizwa, na mimi ndiye niliyejibu."

"Thelathini na sita? Masimulizi ya ndoo?"

"Acha."

"Kila 'acha' inaongeza hatari kidogo, mzee. Nafasi moja mpira umeshaichukua."

"Basi mpira shika."

Mama Anaeli alimtazama kwa mshangao.

"Na hili la leo," mzee aliendelea, "halimo kwenye orodha yako."

"Halimo. Mlinzi alikuwa amelala. Naweza kuliandika kwa mkono, mwisho kabisa, namba sitini na mbili."

"Liandike. Acha. Melki ataambiwa Jumapili, tutamwambia wawili, na nina hakika moyo utakimbia tena. Nataka nijue anavyokasirika mtu aliyeibiwa ndoo kumi na mbili kila siku kwa wiki sita."

"Sikuiba," mkewe alisema. "Nilifunguliwa."

"Utamweleza yeye."

Nsia alisogeza rula. Walimaliza thelathini na saba, thelathini na nane, thelathini na tisa na arobaini, zote nyepesi: ngazi iliyovunjika, radi, radi, mjukuu aliyepotea sokoni robo saa. Ile ya mjukuu ilichukua muda, kwa sababu mzee alitaka ishikwe na mkewe alitaka iachwe, na mwishoni walikubaliana kutokukubaliana na Nsia akaweka alama ya kuuliza. Ilikuwa saa kumi na nusu. Zilibaki ishirini na moja, na siku nne.

"Mnaweza kuendelea?" aliuliza.

"Ninaweza," mzee alisema.

"Hawezi," mkewe alisema. "Kesho saa tatu."

Nsia alimwekea mlinzi amri ya muda, asitoe dawa chini ya mapigo mia na kumi, mpaka watakapokutana tena. Walitoka. Kupitia dirishani aliwaona wakipanda njia ya migombani pole pole, hotpoti sasa iko mkononi mwa mzee, na alimsikia akiuliza, "Tundu la ua lilikuwa upande gani? Wa juu au wa chini?" na mkewe akijibu, naye akiuliza tena, "Na kuku je, hawakupiga kelele?"

Kioo mezani kiliendelea kuwafuata. Themanini na sita walipofika kwenye kona. Tisini na tatu. Tisini na nane. Hapo mawasiliano yakakatika, walikuwa wamefika mbali.

Nsia alisubiri kidogo kama yatarudi. Kisha akachonga penseli, akaandika 98 chini ya ukurasa na saa pembeni yake. Hakuandika shika wala acha. Akaweka rula juu ya mstari wa arobaini na moja, akafunga daftari na rula ikiwa humo ndani.